Marafiki Saba wa Paris: Maisha ya Frédéric Ozanam

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye hakuwa padre wala mtawa, bali mwalimu, mume na baba wa mtoto mmoja, aliyefariki dunia akiwa na umri wa miaka 40 tu. Jina lake ni Frédéric Ozanam. Wengi wamjua kama rafiki wa maskini, na kweli ndivyo alivyokuwa. Lakini liko jambo jingine katika maisha yake lisilosimuliwa sana, nalo latuhusu sisi sote tunaokutana na kusali katika vikundi vidogo vya parokia zetu. Mtu huyu alijua jinsi urafiki unavyoweza kuilinda imani ya kijana. Alijua pia kwamba urafiki huo huo waweza kugeuka kuwa ukuta, ikiwa marafiki hawana moyo wa kumfungulia mlango mtu mwingine.

Ozanam alizaliwa tarehe 23 Aprili 1813 katika mji wa Milano, nchi ya Italia, ingawa wazazi wake walikuwa Wafaransa. Baba yake aliwahi kuwa askari wa Napoleon, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1816 jamaa yote ilirudi Ufaransa, ikakaa katika mji wa Lyon, uliokuwa mashuhuri kwa kazi ya kufuma hariri. Wazazi hao walijaliwa watoto 14, lakini wengi wao walikufa wangali wadogo, hivyo kilio hakikuwa kigeni katika nyumba ile. Hata hivyo ilikuwa nyumba ya sala na ya huruma. Baba aliwatibu wagonjwa wengi wasio na kitu pasipo kuwatoza fedha, na mama naye alikuwa na desturi ya kuwatembelea maskini. Mtoto akakua akiyaona hayo kwa macho yake mwenyewe, na twajua kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Lakini malezi mema hayamzuii kijana asipatwe na majaribu. Ozanam alipokuwa na umri wa miaka kama 15, mashaka juu ya imani yalimwingia moyoni. Aliyasikia maneno ya watu waliosema kwamba dini ni habari za zamani, akaanza kujiuliza kama hawakusema kweli. Usiku hakupata usingizi kwa ajili ya fikira hizo. Katika taabu hiyo alipata msaada wa padre mmoja, mwalimu wake wa falsafa, aliyeitwa Noirot. Padre huyo hakumkaripia wala hakumwona kuwa mwasi. Alimchukua kutembea pamoja naye, akamsikiliza kwa uvumilivu, akamjibu maswali yake moja baada ya moja. Hatimaye mashaka yakamtoka, na kijana akamwahidi Mwenyezi Mungu kwamba ataitumikia kweli maisha yake yote. Tangu siku zile alifahamu kwamba mtu aliye peke yake hupotea upesi, na kwamba yamfaa sana kuwa na mwenziwe wa kutembea naye njiani.

Mwishoni mwa mwaka 1831 alikwenda Paris kusomea sheria, kama alivyotaka baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 18. Ni wazazi wangapi kati ya wasomaji wetu waliokwisha kumsindikiza mtoto wao kwenda kusoma au kutafuta kazi katika mji mkubwa, huku wakijiuliza moyoni kama atarudi akiwa yule yule? Wazazi wa Ozanam walikuwa na hofu hiyo hiyo. Paris ya siku zile haikuwa mahali pepesi kwa kijana Mkatoliki. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu mapinduzi ya 1830, na dini ilidharauliwa na wasomi wengi. Hata katika nyumba ya kwanza aliyopanga, wenzake wa mezani waliyafanyia mzaha mambo ya Kanisa, naye akajiona mpweke sana.

Mungu hakumwacha. Mtaalamu mkuu wa sayansi, André-Marie Ampère, ambaye jina lake hata leo ndilo kipimo cha mkondo wa umeme, naye alikuwa mwenyeji wa Lyon. Akampa Ozanam chumba katika nyumba yake. Hapo kijana aliona mtu mwenye elimu nyingi akimwabudu Mungu kwa unyenyekevu. Jambo hilo lilimtia nguvu kuliko hoja nyingi za vitabuni.

Lakini Ozanam alitaka marafiki wa rika lake pia. Basi alijiunga na kundi la wanafunzi waliokutana kwa Bwana Emmanuel Bailly, mtu mzima mwenye gazeti na kiwanda cha kupiga chapa, aliyewapenda vijana na kuwasaidia. Wanafunzi hao walikuwa na mikutano ya kujadiliana juu ya historia na mambo mengine ya elimu. Kila mtu alikaribishwa, awe mwenye imani au asiye na imani, na mara nyingi majadiliano yalikuwa makali. Ozanam alikuwa msemaji hodari wa kulitetea Kanisa, akitoa ushahidi wa mema mengi liliyowatendea watu katika karne zilizopita.

Ndipo siku moja kijana mmoja asiyekuwa wa imani yao akawapa changamoto. Alikubali kwamba Ukristo ulitenda mambo makubwa zamani. Lakini aliwauliza, je, wao waliokuwa wakijisifu kuwa Wakatoliki walikuwa wakifanya nini siku hizo kwa ajili ya maskini wa Paris? Swali hilo liliwachoma. Mwaka uliotangulia, 1832, kipindupindu kilikuwa kimeua watu wapata 18,000 katika mji ule, na walioumia zaidi walikuwa mafukara waliosongamana katika vichochoro vichafu. Wajane na yatima walikuwa wengi, na vijana wale wasomi walipita karibu nao kila siku wakienda chuoni. Walikuwa na maneno mengi mazuri, bali mikono yao ilikuwa mitupu. Husimuliwa kwamba Ozanam na rafiki yake Auguste Le Taillandier walizichukua kuni zilizowabakia za kuotea moto, wakampelekea maskini mmoja.

Tarehe 23 Aprili 1833, siku ile ile Ozanam alipotimiza umri wa miaka 20, watu saba walikutana jioni katika ofisi ya gazeti la Bwana Bailly. Sita walikuwa wanafunzi, nao ni Ozanam, Le Taillandier, François Lallier, Paul Lamache, Félix Clavé na Jules Devaux. Wa saba alikuwa Bailly mwenyewe, wakamfanya awe kiongozi wao. Hawakuwa na fedha, wala jengo, wala cheo chochote katika Kanisa. Waliafikiana kukutana kila juma. Mkutano ulianza kwa sala, yakafuata masomo ya kitabu kitakatifu, kisha kila mmoja alieleza habari za maskini aliowatembelea. Mwishoni kofia ilipitishwa, kila mtu akatia alichoweza pasipo mwingine kujua ametia kiasi gani.

Kwa kuwa hawakujua waanzie wapi, walimtuma Devaux, aliyekuwa mshika mfuko, kwa Sista Rosalie Rendu wa shirika la Mabinti wa Upendo. Sista huyo aliishi miaka mingi katika mtaa wa Mouffetard, mmojawapo wa mitaa ya kimaskini kabisa ya Paris, akazijua jamaa za mtaa ule nyumba kwa nyumba. Aliwapa vijana majina ya jamaa za kutembelea, na vyeti vya kupatia mkate na kuni. Zaidi ya hayo aliwafundisha adabu ya kuingia katika nyumba ya fukara: kukaa, kusikiliza, kutokuwa na haraka, na kutomhukumu mtu kwa unyonge wake. Kanisa limemtangaza Sista Rosalie kuwa Mwenye Heri mwaka 2003.

Jamaa mojawapo aliyopewa Ozanam ilikuwa ya mama mwenye watoto watano, aliyefanya kazi kwa jasho lake huku mwanamume aliyeishi naye akizinywea pombe fedha zote na kumpiga. Ozanam hakuridhika kumpa mkate na kwenda zake. Aliichunguza habari hiyo kwa elimu yake ya sheria, akaona kwamba hawakuwa wamefunga ndoa halali, basi akamsaidia yule mama kupata uhuru wa kuondoka. Marafiki zake wakachanga nauli ili arudi kwao. Hapo twaona faida ya kikundi. Mmoja alikuwa na maarifa, wengine walikuwa na senti chache, Bwana Bailly alikuwa na kazi za kuwapa vijana. Kila mmoja peke yake angaliweza kidogo sana.

Basi katika kazi hiyo urafiki wao ulikua kuliko ulivyokua katika majadiliano. Walipopanda pamoja ngazi zenye giza na kukaa pamoja kando ya vitanda vya wagonjwa, walijuana mioyo. Ozanam mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba nia ya kwanza ya kikundi ilikuwa kuwalinda vijana wenyewe, wasipoteze imani yao wala usafi wa moyo katika mji ule. Maskini walipata mkate, lakini wale vijana walipata zaidi, kwa maana imani iliyokuwa ikiyumba katika maneno ilisimama imara katika matendo. Mwaka 1834 wakajiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo na wa Mama Bikira Maria.

Hata hivyo, jaribu lao kubwa halikutoka kwa maadui wa dini. Lilitoka katika upendo wao wenyewe. Tangu mwanzo, kijana mwingine alipotaka kujiunga, baadhi yao walisitasita. Walikuwa wamezoeana, wakafanana na ndugu wa nyumba moja, wakaogopa kwamba mgeni angeiharibu raha yao. Mwishowe walimpokea, na baada yake wengine wengi. Kufika mwisho wa mwaka 1834, kikundi cha watu saba kilikuwa na watu wapata mia moja. Chumba hakikutosha. Tena mkutano wa watu mia hauwezi kumsikiliza kila mmoja, na aliye mwoneshaji haya hukaa nyuma asiseme neno.

Katika mwezi wa Desemba mwaka ule Ozanam alileta shauri la kukigawanya kikundi. Mabishano makubwa yakatokea. Wengine walihuzunika mno, hata machozi yakawatoka, kwa kuwa waliona kwamba kugawanyika ni kufa kwa urafiki wao. Tusiwacheke. Hawakubishania vyeo wala fedha, walibisha kwa sababu walipendana. Lakini Ozanam aliona mbali zaidi. Aliona kwamba wakibaki pamoja wote, ama watageuka kuwa umati usiojuana, ama watawafungia mlango vijana wengine wanaotangatanga peke yao kama alivyotangatanga yeye. Kulikuwa na njia moja tu ya kuhifadhi udogo wa kikundi na ukubwa wa upendo, nayo ni kugawanyika kwa amani. Mwanzoni mwa mwaka 1835 wakakubali, wengine wakakutania katika parokia ya Saint-Étienne-du-Mont, wengine katika parokia ya Saint-Sulpice. Mwaka huo huo wakaandika kanuni zao.

Matokeo yake yalionyesha ni nani aliyekuwa na haki. Kila kikundi, walichokiita konferensi, kilizaa kingine. Kila mwanafunzi aliyemaliza masomo na kurudi kwao alichukua mbegu pamoja naye. Ozanam alipomaliza udaktari wa sheria mwaka 1836 na kurudi Lyon, alianzisha konferensi katika mji wake. Wenzake walianzisha katika miji mingine. Mwaka 1845 Baba Mtakatifu Gregori XVI alikikubali chama hicho rasmi, nacho wakati huo kilikuwa kimekwisha kuvuka mipaka ya Ufaransa. Wale marafiki wa kwanza hawakupotezana. Waliandikiana barua kwa miaka mingi, wakashauriana, wakaombeana, hata walipokuwa mbalimbali. Kumbe urafiki waliouogopea haukufa kwa kugawanyika.

Maisha ya Ozanam mwenyewe hayakuwa mepesi. Mwaka 1837 baba yake alianguka katika ngazi alipokuwa amekwenda kumtazama mgonjwa maskini, akafa. Mwaka 1839 mama yake naye alimfuata. Ozanam alikuwa na shahada mbili za udaktari, ya sheria na ya fasihi, ile ya pili ikiwa juu ya mshairi Dante. Kwa muda alifikiri kama Mungu hamwiti awe mtawa. Mwishowe alifahamu kwamba wito wake ni wa mlei, na tarehe 23 Juni 1841 alifunga ndoa na Amélie Soulacroix katika mji wa Lyon. Waliishi kwa upendo mkubwa, na tarehe 23 ya kila mwezi alikuwa akimpa mkewe maua kuikumbuka siku ile. Mwaka 1845 wakajaliwa binti, wakamwita Marie. Katika chuo cha Sorbonne alifundisha fasihi ya nchi za kigeni, wanafunzi wakampenda, hata wasiokuwa na imani, kwa sababu hakuwadharau.

Mwaka 1848 Ufaransa iliingia tena katika mapinduzi. Ozanam alikuwa amekwisha kuonya miaka mingi kabla kwamba vita vitatokea kati ya wenye vingi mno na wasio na kitu, na kwamba yawapasa Wakristo wasimame katikati kuwapatanisha. Mwezi wa Juni wafanyakazi wasio na kazi waliweka vizuizi katika njia za Paris, wakapigana na askari. Ozanam pamoja na Bailly na rafiki mwingine walimwendea Askofu Mkuu Affre, wakamwomba aende kusuluhisha. Askofu Mkuu alikubali, akaenda mbele ya vizuizi akitafuta amani, akapigwa risasi, akafa tarehe 27 Juni. Msiba huo ulimwumiza Ozanam sana. Lakini hakuacha kuandika gazetini akiwatetea walioshindwa, na kuwakumbusha matajiri kwamba njaa ya maskini haiondolewi kwa bunduki. Kwa ajili hiyo alipata lawama nyingi, hata kutoka kwa Wakatoliki wenzake.

Afya yake haikuwa na nguvu. Ugonjwa wa mafigo ulimdhoofisha, akapelekwa Italia ili apate hewa nzuri. Huko nako, ingawa alikuwa mgonjwa, alishughulika kuimarisha konferensi za Toscana. Alipoona mwisho unakaribia alirudi Ufaransa, akafa katika mji wa Marseille tarehe 8 Septemba 1853, sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria. Alizikwa Paris, chini ya kanisa la Saint-Joseph-des-Carmes. Katika uhai wake wote hakupenda kuitwa mwanzilishi wa chama. Sikuzote aliwataja wenzake wote, akisema kwamba kazi ile haikuwa ya mtu mmoja. Tarehe 22 Agosti 1997 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri katika Kanisa Kuu la Notre-Dame, Paris, wakati vijana wa dunia nzima walipokuwa wamekusanyika katika mji ule. Chama chake sasa kimeenea katika nchi zaidi ya 100, na katika parokia nyingi za Afrika Mashariki pia wamo wanachama wake.

Wasomaji wapenzi, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo tulizo nazo sisi hazikutoka katika chama cha Ozanam. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika mikutano yao ya Nairobi ya mwaka 1973 na 1976, ndio walioazimia kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu yake. Lakini hatari zilizowapata vijana wale wa Paris zaweza kutupata na sisi. Jumuiya inayokutana ili kusali tu na kuhesabu michango, pasipo kujua ni nani mgonjwa katika mtaa wake, yafanana na wale wanafunzi kabla ya kuulizwa lile swali. Jumuiya iliyozoeana hata mpangaji mgeni akaogopa kubisha hodi, yafanana na wale waliositasita kumpokea mwenzao. Na jumuiya iliyokua hata ikawa kubwa mno, lakini haitaki kugawanyika kwa sababu ya mazoea, au kwa sababu mwenyekiti hataki kupungukiwa na watu, na ikumbuke machozi ya Desemba 1834 na matunda yaliyofuata.

Wazazi nao wana neno la kujifunza. Kijana anapokwenda mjini, mashauri ya nyumbani ni mema, lakini hayatoshi. Amtafute padre wa kumsikiliza kama Noirot, na mtu mzima wa kumfungulia nyumba kama Ampère na Bailly. Zaidi ya hayo apate marafiki wachache wa rika lake watakaosali pamoja naye na kufanya kazi ya huruma pamoja naye. Na sisi tunaokaa mijini, tusingoje kijana huyo atutafute. Huenda amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu, na siku ya jumuiya hakuna aliyempitia.

Kanisa humkumbuka Mwenye Heri Frédéric Ozanam tarehe 9 Septemba. Tumwombe atuombee, ili siku jumuiya yetu itakapokutana tena, kabla ya sala ya mwisho, tuulizane ni nyumba gani ambayo hatujaiingia, na wawili wetu waondoke hapo hapo kwenda kubisha hodi.